Utamu Usioliwa na Hamira

Kwetu mtu hagombani na muthoni. Muthoni ni yule mliyeunganishwa naye na ndoa ya watoto wenu: baba wa mke wa mwanao, mama yake, ndugu zake. Mkikutana njiani unampisha. Akikukosea, unameza. Akikutukana mbele ya watu unamwambia asante na kurudi nyumbani, na hasira yako unailaza kitandani kama mgonjwa. Mimi yangu niliilaza muda mrefu, nikaiuguza vizuri, mpaka ikapona na kuanza kutembea.

Ujana wangu niliumalizia katika kiwanda cha bia huko Nairobi, sehemu ya kupikia. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji ya kimea na kumimina hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu wake na harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi. Ikishachemka, ilipita kwenye mabomba hadi upande wa pili wa ukuta, ambako watu wengine waliitia hamira na kuiacha iumuke. Upande ule sikuwahi kufanya kazi. Nilipostaafu na kurudi kwetu Kalama, nilijiona fundi kamili wa bia. Kimea nilikiotesha kwa mtama wa shamba langu na kukikausha juu ya bati. Hopsi nilinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Syokimau anayewauzia watu wanaojipikia nyumbani. Bia yangu ilikuwa chungu, na mimi niliipenda hivyo.

Mwanangu alipopata mchumba kutoka Kivaa, ukafika wakati wa kupeleka ntheo, wale mbuzi na kile kinywaji ambavyo bila hivyo, hata mkae pamoja mpaka mzeeke, huyo si mke wako. Kinywaji cha ntheo kinajulikana. Ni kaluvu, pombe ya asali, na haikuanza jana. Ndugu yangu mkubwa aliniambia nimtafute mama mmoja wa huku kwetu anayeitengeneza vizuri. Nikakataa. Mtu aliyepika bia nusu ya maisha yake atabebaje pombe ya mkono wa mwingine kwenda kumposea mwanawe? Nikabeba yangu. Kosa hilo la kwanza ni langu, simgawii mtu.

Muthoni wangu alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Nilionja kwanza mimi, kama desturi inavyotaka, kisha nikampa kikombe kwa mikono miwili. Alijaza mdomo. Akaishikilia bia mashavuni, akatutazama mmoja mmoja, halafu akaitema chini karibu na viatu vyangu.

"Wazee," akasema, "hawa watu wa Kalama wametuonea huruma. Wamesikia ng'ombe zetu ziko na kupe, wametuletea dawa ya dip."

Ua mzima ulicheka. Mzee mmoja wa upande wao akauliza, "Muthoni, hii tunachanganya na ndoo ngapi za maji?" Mwingine akasema tusubiri, aende amlete fahali wake aoshwe kabla dawa haijapoa. Ndugu yangu mkubwa, aliyekuwa msemaji wetu, alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia machozi.

"Asante," nikasema.

Wakatuma mtu kwa jirani akaleta kaluvu, ntheo ikaendelea, mwanangu akapata mke. Mimi nikapata jina. Sokoni waliniita Mzee wa Dip. Kwenye kwaya ya kanisa, nikichelewa mazoezi, mtu wa sauti ya nne alikuwa akisema, "Ngojeni, anaosha ng'ombe." Mtu akikutukana mara moja unaweza kusahau. Akikuachia tusi linalotembea lenyewe, linakusalimu kila asubuhi.

Sikuweza kumjibu. Lakini hakuna desturi inayokataza kumkaribisha muthoni. Nikaamua kwamba siku moja mtu yule ataketi nyumbani kwangu, mbele ya watu walewale, atakunywa bia ileile yenye hopsi zilezile, na atanyoosha kikombe aombe tena kwa mdomo wake mwenyewe. Ndipo nimwambie alichokunywa. Ili aombe, ilibidi iwe tamu.

Niseme sasa kuhusu binti yake, kwa sababu mambo haya yote yalifanyika jikoni kwake. Mwanangu anafanya kazi kiwandani huko EPZ, Athi River, na huja mwisho wa mwezi. Mke wangu alikwisha kufa. Kwa hiyo aliyebaki na mimi pale nyumbani, akinipikia, akinifulia, akinikumbusha dawa ya presha, alikuwa mke wa mwanangu pamoja na watoto wake. Aliniita baba, na haikuwa heshima ya mdomoni tu. Nilipolazwa Machakos mjini na kifua, yeye ndiye aliyelala sakafuni chini ya kitanda changu. Na mimi, nikimwangalia akikoroga ugali, niliona pua ya baba yake, nikakumbuka.

Nilianza na asali. Niliona ni jambo rahisi: kaluvu ina asali na ni tamu, basi nikitia asali kwenye bia itakuwa tamu. Nikaitia nyingi. Baada ya majuma ya kungoja nikafungua, na ilikuwa kali, kavu, chungu kuliko ya mwanzo. Nikampa mke wa mwanangu kijiko aonje.

Akakunja uso. "Baba, asali uliweka kwa hii ama kwa nyingine?"

"Kwa hiyo hiyo."

"Sasa iko wapi?"

"Imeliwa."

"Na nani?"

"Na hamira."

Akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Basi hiyo hamira yako ina bahati. Sisi hapa tunakunywa chai bila sukari."

Kaluvu hunywewa ingali changa, kabla hamira haijamaliza karamu. Bia ya hopsi hungojewa, na kila siku unayongoja, utamu unapungua na nguvu inaongezeka. Hilo ndilo lililokuwa upande wa pili wa ukuta kiwandani, na sikulijua. Nikadhani hamira inapenda asali tu, utamu mwingine itauacha. Nikajaribu sukari nguru, ile ya miwa inayouzwa vipande kama matofali. Ikatoa bia nyeusi yenye ladha ya msumari. Nikajaribu viazi vitamu vilivyochomwa majivuni. Nikayeyusha peremende za watoto, na povu likatoka la waridi, na hamira ikazila peremende nazo. Nikaingiwa na akili ya mpumbavu: nikasema nitatia sukari mwishoni kabisa, ndani ya chupa, kisha nifunge haraka. Chupa zilianza kupasuka siku ya Jumapili tukiwa kanisani. Tuliporudi, kuku wawili walikuwa wamelala ubavu mlangoni mwa stoo, wamelewa bia iliyotiririka nje, na jogoo anawika bila mpangilio.

"Mzee wa Dip," jirani alinisalimu kutoka ng'ambo ya ua, "leo umeamua kuosha kuku?"

Kila jaribio lililoshindwa lilinirudisha Kivaa, kwenye ule mdomo uliojaa bia na yale mashavu. Nilikuwa nikikoroga na kuongea peke yangu. Kwa embe nilipiga hatua. Niliyakausha maembe yetu juani, nikayatia siku za mwisho, na harufu yake ikawa tamu hata pua ikadanganyika. Lakini ulimi haukudanganyika. Ukimeza tu, uchungu ulikuwa pale pale ukingoja.

Aliyenifungua macho ni mke wa mwanangu. Alikuwa akimwaga maziwa lala kwenye kibuyu, karibu na pipa langu, akaniona nimeshika kichwa.

"Baba, tafuta utamu ambao hamira haipendi."

"Kama upi?"

"Mimi najua? Watoto wangu hawapendi sukuma. Hamira sijui." Kisha akatazama kibuyu. "Lakini maziwa ni matamu, na ukiyalaza yanaganda tu. Sijawahi kuona mtu amelewa maziwa lala."

Nikakumbuka darasa la kemia, mwalimu akituambia kwamba maziwa yana sukari yake. Niliuliza mjini kwenye duka linalowauzia waokaji mikate, nikaambiwa ipo, unga mweupe, sukari iliyotolewa kwenye maziwa. Nilimtuma yeye aniletee, alikuwa anaenda sokoni. Akarudi na pakiti, akanipa, na akasema neno ambalo nimelisikia kichwani tangu siku ile:

"Hii iwe yako na wazee wa kwaya. Mzee wetu wa Kivaa usimpatie. Yeye na maziwa ni vita. Hata chai anakunywa turungi. Tulikuwa watoto, mama akamdanganya na uji wa maziwa kidogo tu, alilala kwa choo."

"Nimesikia," nikamwambia.

Nilisikia. Sitasema nilisahau.

Bia ile ilitoka kama nilivyoiota usingizini. Hopsi zilikuwepo, zikiuma ulimi, halafu embe ikaja puani, halafu huo utamu laini wa maziwa ukakaa chini ya vyote na hamira haikuugusa. Wanakwaya walimaliza jagi na kuniomba msamaha kwa kuniita Mzee wa Dip. Ningeweza kutosheka hapo.

Siku ya wageni ilikuja wakati nyumba ya mwanangu ilipokamilika, pale pale kwenye boma langu, na watu wa Kivaa wakatuma habari kwamba watakuja kuona binti yao analala wapi. Nilitayarisha mapipa mawili. Pipa la buluu lilikuwa na embe na sukari ya maziwa. La kijani lilikuwa na embe peke yake. Asubuhi mke wa mwanangu alikuja stoo, amevaa gauni jipya.

"Ya mzee wetu ni ya kijani?"

"Ndiyo."

"Si hiyo nyingine?"

"Mama, nimesema ni ya kijani."

Alinitazama, akaamini, akaenda kugeuza chapati.

Wakaja wote, na wale wazee wa ntheo wakaja. Walikaa chini ya turubai, mbuzi akaliwa. Nikatoa jagi. Ndugu yangu mkubwa akasafisha koo. "Jamani, shikeni ndama zenu." Wakacheka. Muthoni wangu akacheka kwa ile sauti yake. Nikaonja kwanza mimi, nikamjazia, nikampa kwa mikono miwili. Jagi lilikuwa limetoka pipa la buluu.

Alikunywa kidogo, kwa tahadhari. Akakunywa tena. Akamaliza. Akakitazama kikombe ndani kana kwamba ameangusha kitu humo, kisha mkono mrefu ukanyooka.

"Muthoni," akasema, "ongeza."

Nikaongeza. Akamaliza, akaomba tena, na wakati huo watu wote wanamwangalia. Nikasimama. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo shambani, nikilima.

"Muthoni wangu, hiyo unayokunywa ni dawa ile ile ya dip niliyokuletea Kivaa. Hopsi ni zile zile, mpishi ni yule yule."

Nilisubiri uso wake uanguke. Badala yake aliinua kikombe juu na kunguruma, "Basi kupe wangu wamekufa kwa raha!" Turubai lote likalipuka kwa vicheko, na aliyecheka zaidi ni yeye, akanishika bega akaniambia mbele ya wote kwamba siku ile Kivaa alikosa adabu na kwamba mimi ni fundi.

Nilikuwa nimeshinda. Mtu mwenye moyo mzuri angeketi. Lakini mimi nilihisi nimeibiwa. Nilitaka aibu yake, naye alikuwa amenipa kicheko na mkono begani, na wazee walewale sasa walikuwa wakimpenda zaidi. Nikaangalia ule mkono. Nikajaza kikombe tena, mpaka ukingoni.

"Kunywa, muthoni. Ni yako."

Akanywa. Nikamjazia tena.

Yalimkuta wakati wa maombi. Katekista alikuwa akibariki nyumba, sote tumesimama vichwa chini, nikasikia tumbo lake likizungumza. Nilifungua jicho moja. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti, jasho usoni. Akaanza kutembea, kwanza pole pole kama mtu mwenye heshima zake, kisha mbio, koti likipepea, kati ya akina mama waliofumba macho, kuelekea chooni, na choo chetu kiko mbali, nyuma ya migomba. Hakufika. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa.

Amina ilisemwa na watu wachache. Kisha yule mzee wake wa Kivaa aliyeuliza habari za ndoo za maji akaanza kucheka, na mwingine akafuata, na kicheko hiki hakikuwa kama kile cha kwanza. Nilikisikia kikipita mwilini mwangu kama joto la chai. Nasema ukweli: sikuwahi kuonja kitu kitamu kama dakika ile.

Kisha nikamwona mke wa mwanangu akipita na leso na ndoo ya maji, kuelekea migombani. Kwetu binti haoni uchi wa baba yake. Ni mwiko mkubwa, na hakukuwa na mtu mwingine wa kwenda: mama yake ana miguu mibovu, na wanaume wa upande wake walikuwa wakicheka. Yeye ndiye aliyemsafisha. Alimfunga leso yake yeye, ya maua mekundu, na mtu yule mrefu akatembezwa hadi garini akiwa amefungwa leso ya binti yake, hakuitazama nyumba aliyokuja kuiona.

Binti yake alipopita karibu nami alisimama. Nilidhani atapiga kelele.

"Ile ya kijani iko aje?" akaniuliza.

"Bado imejaa," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizia bei ya nyanya na kujibiwa. Akawaita watoto wake, shule zilikuwa zimefungwa, akaingia kwenye gari pamoja na baba yake.

Sikumweleza mwanangu. Yeye alidhani ni nyama ya mbuzi. Nilikaa peke yangu katika boma lile, nikijipikia ugali unaoungua chini, nikijiambia kwamba mtu hupata anachostahili, na kwamba yule alistahili. Hasira ilikuwa imekwisha kutumika na sikuwa na kingine cha kuweka mahali pake. Dawa ya presha niliisahau mara kwa mara. Shule zilipokaribia kufunguliwa na mke wa mwanangu hajarudi wala kupokea simu yangu, nilimwendea ndugu yangu mkubwa nikamwambia tutafute mbuzi.

Kosa kati ya wathoni lina njia yake. Unakwenda na mbuzi, unataja kosa mbele ya wazee, wao wanamchinja, mnakula pamoja, na baada ya hapo hakuna anayelitaja tena. Lakini kosa lisipotajwa, mbuzi hapokelewi.

Huko Kivaa tulipokewa vizuri mno. Viti, chai, habari za mvua. Yeye alikuwa amekaa mbele yangu na turungi yake. Binti yake alisimama mlangoni. Mzee wao akauliza, "Mbuzi huyu ni wa kosa gani?"

Ndugu yangu mkubwa alikuwa amejipanga kusema "kutoelewana kidogo." Nilimzuia. Nilimwangalia yule mlangoni nikasema, "Nilitia sukari ya maziwa ndani ya bia. Nilijua haimfai. Niliambiwa. Nilikuwa na nyingine salama, nikampa hiyo kwa makusudi, na alipotosheka nikamwongezea."

Wazee waligeuka wote kumtazama muthoni wangu. Alikunywa turungi yake taratibu mpaka mwisho.

"Mimi sikunywa maziwa," akasema. "Mimi na maziwa wapi na wapi? Nilikunywa bia, ilikuwa tamu, nikaomba. Mtu hakaribishwi vizuri hivyo kisha akadai mbuzi. Tumbo ni langu." Akatabasamu, na yale mashavu yakajaa. "Muthoni wangu amezeeka, anaota. Mrudishieni mbuzi wake."

"Nilifanya kwa makusudi," nikasema tena, kwa sauti.

"Hakuna kosa."

"Liko!"

"Wapi? Mimi ndiye niliyekosewa ama ni wewe?"

Wazee wakacheka, wakasema kama mwenyewe hadai, wao watachinja nini? Kesi ikafungwa. Nilitoka pale nikimvuta mbuzi kwa kamba. Nilimchukia upya, kuliko siku ya kutemewa bia, kwa sababu nilielewa alichofanya: lile kosa alilikataa lisichinjwe ili libaki hai, na libaki kwangu.

Binti yake alirudi nasi siku ile. Watoto walikuwa na shule. Tuliposhuka barabarani alichukua kamba ya mbuzi mkononi mwangu bila kuniuliza, akatangulia.

"Mzee wenu amenishinda," nikauambia mgongo wake.

"Hakukushinda," akasema. "Amekataa tu kula na wewe."

Ananipikia kama zamani. Dawa ananikumbusha. Lakini nikimpa kitu cha kunywa, hata maji ya mtungini niliyomchotea mwenyewe, hukinusa kwanza, bila kuficha, kisha hunywa. Mapipa niliyauza. Mbuzi yuko zizini, amenona hata miguu inamsumbua. Krismasi iliyopita mwanangu alikuja likizo, akamzunguka, akampapasa mgongo, akauliza mbona hatumchinji.

"Huyo si wetu," mkewe akamjibu, na akaendelea kumkatia majani.